Ambulansi inayokuja bila kukubeba: sheria za majimbo ya Marekani kuhusu matibabu ya nyumbani

Mama ameruhusiwa hospitali juzi, moyo wake hausukumi damu sawasawa. Anaishi Portland, Maine, au Minneapolis, au Fort Worth, miji ambayo siku hizi haikosi familia zinazozungumza Kiswahili. Asubuhi mlango unagongwa. Ni mtu mwenye sare ya ambulansi, begi mgongoni, kishikwambi mkononi. Hakuna king'ora, hakuna machela, wala hakuna aliyepiga 911, namba ya dharura ya huko. Anampima mama presha, anamsimamisha kwenye mizani, anapekua chupa za dawa moja moja, anampigia daktari simu, kisha anaaga. Jioni kundi la familia la WhatsApp linawaka moto. Yule ni nesi? Ni daktari? Bili inakuja? Na mbona shangazi aliye jimbo jingine, mwenye ugonjwa uleule, hajawahi kutembelewa hivyo?

Swali la shangazi ndilo lenye ufunguo. Marekani haina sheria moja ya taifa inayosema mhudumu wa ambulansi afanye nini na asifanye nini. Leseni yake hutolewa na jimbo, mipaka yake huwekwa na jimbo, na jimbo la jirani linaweza kuamua kinyume kabisa. Serikali kuu huingia hasa kwa mlango wa fedha. Kwa hiyo mjadala unaoitwa "sheria ya paramediki wa nyumbani" ni mijadala miwili iliyofungwa kanga moja: nani ana ruhusa, na nani analipa. Magazeti huandika zaidi habari za ruhusa. Ila malipo ndiyo yanayoamua kama kuna mtu atakayegonga mlango.

Nani ni nani

Huduma za dharura, ambazo Wamarekani huziita kwa kifupi EMS, ni mnyororo wote unaoanzia kwa anayepokea simu ya 911 hadi mgonjwa anapokabidhiwa hospitali. Ndani ya ambulansi kuna ngazi tofauti. EMT ni ngazi ya msingi: kozi ya saa 150 hivi au zaidi kidogo, kazi yake kuzuia damu, kutoa oksijeni, kufufua moyo, kufunga mfupa uliovunjika. Paramediki amesoma zaidi ya saa 1,000. Anasoma mchoro wa umeme wa moyo, anaingiza mpira wa hewa kooni, anachoma dawa kwenye mshipa. Hakuna anayejitegemea: kila kampuni au idara ya ambulansi ina daktari msimamizi, na kinachofanyika barabarani hufanyika kwa maagizo yake, yawe yameandikwa kabla au yametolewa kwa simu papo hapo.

Paramediki wa jamii ni paramediki huyohuyo aliyeongezewa mafunzo ya magonjwa sugu, dawa za muda mrefu, na mazingira ya nyumbani. Huduma jumuishi tembezi ni jina pana zaidi. Ni mpango mzima ambamo yeye ni kipande kimoja, pamoja na daktari wa simu, nesi, mfamasia na ofisa ustawi wa jamii. Majimbo huchanganya majina haya, na miswada mingine hutumia yote mawili kana kwamba ni kitu kimoja.

Msomaji wa Tanzania au Kenya atamfikiria haraka mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Siye. Mhudumu wa jamii wa kwetu ni mkazi wa kijiji au mtaa anayeelimisha, anayefuatilia wajawazito na watoto, na kuwapeleka watu kituoni. Hasomi mchoro wa moyo. Wala hii si huduma ya mkoba, ile ambayo wahudumu wanakuja mahali fulani na watu wanawafuata kwa chanjo. Hapa mhudumu anamfuata mtu mmoja, kwa jina lake, kwa mpango wa matibabu ulioandikwa kwa ajili yake.

Tatizo lilianza na gari la maiti

Sheria ya Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ilitiwa saini mwaka 1965. Mwaka mmoja baadaye ilitoka ripoti maarufu ya kitaifa kuhusu vifo vya ajali, na mojawapo ya mambo iliyoyasema ni kwamba karibu nusu ya huduma za ambulansi nchini ziliendeshwa na wenye biashara za mazishi. Sababu ilikuwa rahisi: gari lao lilikuwa refu kiasi cha mtu kulala. Paramediki kama taaluma hakuwepo. California ilipitisha sheria ya kwanza ya kumruhusu afanye kazi mwaka 1970.

Maana yake ni kwamba sheria ya malipo ina umri mkubwa kuliko taaluma inayolipiwa. Medicare iliandikwa kulipia ambulansi pale ambapo hali ya mgonjwa haimruhusu kutumia usafiri mwingine. Usafiri ndilo neno lenyewe. Machoni pa sheria hiyo ambulansi ni kama teksi: dereva hulipwa kwa safari. Akifika kwako, akakutengenezea kitasa cha mlango kilichokuwa kinakuzuia kutoka, na ukaona huna haja tena ya kusafiri, hana nauli ya kudai.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi hesabu hiyo ilivyo. Mgonjwa wa kisukari sukari imeshuka, amepoteza fahamu. Paramediki anachoma glukosi kwenye mshipa, mtu anaamka, anakula, anakataa kwenda hospitali. Medicare ya kawaida hailipi kitu. Lakini ambulansi ikishaitwa, kisha mgonjwa akathibitishwa amefariki kabla ya kupakiwa, Medicare hulipa kiwango cha msingi, bila pesa ya maili. Aliyeandika kanuni hizo hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anafikiria usafiri.

Matokeo yake yanajulikana na kila anayeendesha huduma hizi. Mgonjwa ambaye angetibiwa sebuleni anapelekwa idara ya dharura, anakaa saa kadhaa kwenye kiti, anarudi nyumbani na tatizo lilelile. Huko Fort Worth, Texas, shirika la ambulansi la MedStar lilianza mwaka 2009 kuwatembelea wagonjwa wachache ambao kwa jumla yao, ndani ya mwaka mmoja, walikuwa wamesafirishwa mamia ya mara. Hospitali nazo zikapata sababu yao Oktoba 2012, pale Medicare ilipoanza kuzikata malipo zile ambazo wagonjwa wake hurudi wodini mno ndani ya siku 30. Ghafla mtu wa kumtembelea mgonjwa siku ya pili baada ya kuruhusiwa akawa na thamani.

Neno "dharura" ndani ya sheria

Kwa nini basi ihitajike sheria mpya? Paramediki si ana leseni tayari?

Anayo, lakini soma ilivyoandikwa. Katika majimbo mengi leseni inamruhusu kutibu "katika dharura", eneo la tukio au wakati wa kumsafirisha mgonjwa. Ziara iliyopangwa Jumanne saa nne asubuhi si dharura. Paramediki akichukua damu ya kipimo siku hiyo, anafanya jambo analolijua kwa mikono yake lakini leseni yake haimfuniki. Kuna madhara mengine ya kisheria yanayofuatana na hilo. Kinga dhidi ya mashtaka ambayo majimbo humpa mhudumu wa dharura mara nyingi imefungwa kwenye neno hilohilo. Bima ya makosa ya kitabibu ya kampuni yake inaweza kukataa dai. Hata fidia ya mfanyakazi akiumia kwenye ngazi za nyumba ya mgonjwa inaweza kugeuka ubishi.

Ndiyo maana sheria nzuri za aina hii huonekana fupi na za kuchosha. Hazimpi paramediki ujuzi mpya. Zinabadilisha mahali na sababu. Dawa alizoruhusiwa kutoa jana ni zilezile, vipimo ni vilevile, isipokuwa sasa anaruhusiwa kuvifanya kwa mtu ambaye hayuko kufani. Wanaosema "wanamgeuza dereva wa ambulansi kuwa daktari" wamekosea mara mbili: paramediki si dereva, na sheria haimpi uwezo wa kutambua ugonjwa mpya na kuandika dawa kwa kichwa chake.

Si kila jimbo lilihitaji mlango mpya. Texas huacha mipaka ya kazi mikononi mwa daktari msimamizi, ambaye hukaimisha sehemu ya kazi yake ya udaktari kwa anayemwamini. Kwa hiyo Fort Worth ilianza bila kusubiri sheria maalumu. Anayesoma orodha ya "majimbo yasiyo na sheria" na kudhani kote huko huduma imekatazwa, anakosea. Ukimya wa sheria Texas ni ruhusa. Ukimya huohuo kwingine ni katazo.

Minnesota ilivyofanya

Minnesota ndilo jimbo la kwanza kumtambua paramediki wa jamii kwa jina ndani ya sheria, mwaka 2011. Masharti yake yanafaa kusomwa taratibu kwa sababu majimbo mengine yameyanakili kwa namna moja au nyingine. Lazima awe paramediki mwenye miaka 2 ya kazi ya muda wote, au muda wa vipande unaolingana na huo. Lazima amalize kozi ya paramediki wa jamii katika chuo kinachokubaliwa, yenye mafunzo ya darasani na ya vitendo. Anafanya kazi chini ya daktari msimamizi wa ambulansi, na huduma zinafuata mpango wa matibabu uliotokana na daktari wa kawaida wa mgonjwa.

Kisha ukaja mwaka 2012, na huo ndio uliofanya sheria ya 2011 iwe na miguu. Medicaid ya Minnesota, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, ilianza kulipia. Nani analipiwa? Mtu aliyekwenda idara ya dharura mara 3 au zaidi ndani ya miezi 4 mfululizo katika mwaka uliopita. Au mtu ambaye daktari wake anaona kwamba ziara hizi zitamwepusha kuingia nyumba ya wazee, au kurudishwa hospitali. Nini kinalipiwa? Tathmini ya afya, ufuatiliaji wa ugonjwa sugu na elimu yake, kuhakikisha dawa zinamezwa inavyopaswa, chanjo, kuchukua sampuli za maabara, ufuatiliaji baada ya kuruhusiwa, na taratibu ndogo za tiba zilizoidhinishwa na daktari msimamizi. Nje ya orodha hiyo, hakuna malipo.

Angalia walivyofunga mianya. Huduma haiwezi kurudia kazi ambayo nesi wa nyumbani tayari anaifanya kwa mgonjwa huyohuyo. Kama kuna mratibu wa matibabu, lazima ashauriwe. Vifungu hivi havikuwekwa kwa mapambo. Ndivyo vilivyotuliza upinzani wa wauguzi, ambao hoja yao ilikuwa na uzito: kwa nini fedha za umma zimlipe mtu wa ambulansi kufanya kazi ambayo tayari ina taaluma yake? Jibu la haki ni kwamba ziara ya paramediki inafaa pale ambapo nesi hayupo, hatoshi, au mgonjwa hatimizi masharti ya kumpata. Medicare hulipia nesi wa nyumbani kwa mtu asiyeweza kutoka nyumbani bila taabu. Mgonjwa wa moyo anayetoka mwenyewe kila siku hadi dukani anaweza kukosa sifa hiyo, ilhali dawa zake zimevurugika kabisa.

California na swali la "nimpeleke wapi?"

California ilichukua njia ndefu. Huko kikwazo kikubwa kilikuwa mahali pa kumshusha mgonjwa: aliyechukuliwa kwa simu ya 911 alipaswa kupelekwa hospitali yenye idara ya dharura. Mlevi anayehitaji kulala salama, mtu aliyechanganyikiwa akili anayehitaji kituo cha afya ya akili, wote hospitali.

Jimbo halikupitisha sheria moja kwa moja. Lilifungua kwanza majaribio, yaliyoidhinishwa mwaka 2014. Kaunti tofauti zilijaribu vitu tofauti: San Francisco kituo cha kulevuka, Stanislaus kituo cha afya ya akili, Ventura kuwashuhudia wagonjwa wa kifua kikuu wakimeza dawa, na pia kuwahudumia majumbani wagonjwa wa mahututi wanaopata tiba shufaa. Baadhi yalishindwa. Majaribio ya kuwapeleka watu wenye maradhi madogo kwenye kliniki za haraka yalipata wagonjwa wachache mno, yakafungwa. Kushindwa huko kulikuwa na faida yake, kwa sababu sheria iliyokuja haikuyabeba.

Sheria yenyewe, AB 1544, ilisainiwa mwaka 2020. Iliruhusu mambo machache yaliyotajwa kwa majina: kifua kikuu, watu wanaotumia 911 kupita kiasi, wagonjwa wa tiba shufaa, na kupeleka watu kwenye vituo vya afya ya akili au vya kulevuka vilivyoidhinishwa. Ufuatiliaji wa wagonjwa walioruhusiwa hospitali, ambao ndio watu wengi huufikiria, uliongezwa baadaye kwa AB 767 ya mwaka 2023. Kaunti hailazimishwi, ikitaka, inaomba kibali. Na sheria ina tarehe ya kufa. Ilipaswa kwisha mwanzoni mwa 2024, AB 767 ikaisogeza hadi mwanzoni mwa 2031.

Tarehe ya kufa ni jambo ambalo wasomaji huliruka. Wabunge huipenda kwa sababu huwapa upinzani kitu cha kushika. Kwa mwenye kuendesha huduma ni mwiba: nani atamsomesha paramediki, atanunua gari na kuajiri mratibu kwa mpango ambao unaweza kufutika miaka mitatu ijayo?

Massachusetts ilifanya kwa mtindo wake. Mwombaji lazima aithibitishie idara ya afya ya jimbo kwamba kuna pengo halisi la huduma analolijaza, na anayetaka kuwatibu watu wa 911 bila kuwapeleka hospitali huomba kibali cha ziada. Maine ilianza mwaka 2012 na majaribio yasiyozidi 12.

Safari ya mswada baada ya saini

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa zaidi. Gavana anasaini, gazeti linatangaza, na miezi 18 baadaye hakuna kilichobadilika mtaani. Kuna aliyeiba?

Kwa kawaida hakuna. Saini ni mwanzo. Ofisi ya EMS ya jimbo inatakiwa kuandika kanuni: saa ngapi za mafunzo, kumbukumbu gani zitunzwe, daktari msimamizi apitie mafaili mangapi. Rasimu hutolewa kwa maoni ya umma, hurekebishwa, hutangazwa. Hapo ruhusa imekamilika.

Malipo yana njia yake. Medicaid huchangiwa na jimbo na serikali kuu, na serikali kuu hubeba angalau nusu ya gharama za matibabu. Mwenye kuchangia nusu ana sauti. Jimbo likitaka kuongeza aina mpya ya huduma, kwa kawaida hupeleka marekebisho ya mpango wake Washington, kwa wakala wa CMS unaosimamia Medicare na Medicaid. Wakala una siku 90 za kujibu, ila ukiuliza maswali ya nyongeza saa inasimama, na inaanza upya majibu yakifika. Baada ya hapo kampuni ya ambulansi inapaswa kusajiliwa kama mtoa huduma wa aina hiyo, mfumo wa kompyuta wa madai urekebishwe, na namba ya huduma ipangiwe bei. A0998, kwa mfano, ni namba ya "ambulansi ilifika, ikatibu, haikusafirisha". Ipo kwenye kitabu miaka mingi. Kuwepo kwake hakuna maana kwamba bima yako inaipa hata senti.

Majimbo kadhaa yameipa thamani. Arizona ilianza Oktoba 2016 kulipa kupitia Medicaid yake kwa mpango wa kutibu na kuelekeza, ambapo mgonjwa hutibiwa alipo na kuunganishwa na kliniki. Pennsylvania mwaka 2018, kwa Sheria namba 103, iliwabana walipaji: ambulansi ikitumwa na kituo cha 911, ikatoa matibabu, hata mgonjwa akikataa kusafirishwa, matibabu yalipwe. Sheria hiyo haimtaji paramediki wa jamii popote penye uzito, lakini kwa maoni ya mwandishi huyu imegusa kiini kuliko miswada mingi yenye majina mazuri.

Medicare nayo ilijaribu. Mpango wa ET3 ulianza Januari 2021, ukaruhusu makampuni yaliyochaguliwa kulipwa kwa kumpeleka mgonjwa mahali pengine au kumtibu alipo kwa msaada wa daktari wa video. Ulipangwa kwa miaka 5. Ulifungwa tarehe 31 Desemba 2023, kwa sababu washiriki na matukio yalikuwa machache kuliko ilivyotarajiwa. Sababu moja inaeleweka kirahisi ukiwa ndani ya gari: mpango ulihusu Medicare ya kawaida tu, na saa nane usiku hakuna anayejua kwa haraka kama mzee aliye mbele yake ana Medicare ya kawaida au ile inayouzwa na kampuni binafsi. Utaratibu unaomtaka paramediki aulize kadi kabla ya kuamua tiba haufiki mbali.

Ndani ya nyumba

Ziara yenyewe huchukua saa nzima au zaidi, si dakika 20 za dharura. Gari mara nyingi ni dogo, si ambulansi, maana ambulansi iliyoegeshwa mbele ya nyumba ya mtu ni ambulansi iliyotolewa kwenye foleni ya 911. Kwa mgonjwa wa moyo, ziara ya kwanza hupangwa ndani ya siku 1 hadi 3 baada ya kuruhusiwa.

Mizani kwanza. Kuongezeka pauni 2 hadi 3 kwa siku moja, yaani kilo 1 na zaidi kidogo, au pauni 5 kwa wiki, ni maji yanayojikusanya kabla hata pumzi haijabana. Kisha presha akiwa ameketi na akiwa amesimama, oksijeni kwa kidole, miguu ikibonyezwa kuona shimo linalobaki. Mchoro wa moyo ikibidi.

Halafu dawa, na hapa ndipo ziara hujilipa. Zote zinamwagwa mezani: za zamani, mpya, za jirani. Mgonjwa anameza Lasix kutoka chupa ya zamani na furosemide kutoka chupa mpya, hajui ni dawa moja yenye majina mawili. Au hajanunua kabisa ile mpya, dola 40 hazikupatikana. Jikoni panatazamwa chumvi, supu za makopo na vidonge vya mchuzi. Zulia lililokunjamana kwenye njia ya chooni linatolewa.

Kupima sukari kwa tone la damu kunaonekana jambo dogo, lakini sheria ya maabara ya serikali kuu ya mwaka 1988 inahesabu hicho kuwa kipimo cha maabara, na kampuni lazima iwe na cheti cha msamaha. Mipango mipya huisahau karatasi hii mara kwa mara, hadi mkaguzi anapokuja.

Mengine yanayoharibika ni ya kawaida zaidi. Namba ya simu iliyoandikwa hospitali haipo hewani. Kumbukumbu za ambulansi ziko kwenye mfumo mmoja, za daktari kwenye mwingine, na taarifa ya ziara inatumwa kwa faksi isiyosomwa na mtu. Daktari asipojua dawa ilibadilishwa, wiki inayofuata anaongeza ileile. Na siku ambulansi zikipungua, paramediki wa jamii anavutwa kurudi kwenye 911, ziara sita zinafutwa. Mpango unaotegemea mtu wa ziada ambaye si wa ziada haudumu.

Kwa mwenye ndugu anayetembelewa

Kupiga 911 hakujabadilika. Maumivu ya kifua, mdomo kupinda, pumzi kukata, damu isiyokoma: piga, usimsubiri mtu wa ziara. Hofu kwamba sheria hizi zinawapa wahudumu haki ya kukataa kumbeba mgonjwa haina msingi katika zile zilizotajwa hapa. California, kwa mfano, mgonjwa anayetaka kupelekwa idara ya dharura hupelekwa huko, hata kama kituo kingine kinamfaa. Kutembelewa nyumbani nako ni hiari; anayetaka kuacha anasema tu.

Kuhusu bili, usibahatishe. Kabla ya ziara ya kwanza uliza maswali matatu: nani analipia (hospitali, Medicaid, ruzuku ya kaunti?), je, kuna sehemu ya mgonjwa, na ziara hii inaathiri nesi wa nyumbani tuliye naye? Mipango mingi ya baada ya kuruhusiwa hulipiwa na hospitali yenyewe, inayookoa makato yake ya siku 30, na mgonjwa hadaiwi. Lakini ambulansi iliyoitwa kwa 911 ikaondoka bila mtu inaweza kutuma bili, kwa sababu Medicare haikuilipa.

Na kama mama hazungumzi Kiingereza, mtoto wa darasa la sita asifanywe mkalimani wa dawa za moyo. Mashirika ya afya yanayopokea fedha za serikali kuu yanapaswa kutoa mkalimani bila malipo, na kwa simu Kiswahili hupatikana. Mwambie anayepanga ziara mapema, na taja ni Kiswahili cha wapi: mkalimani wa Mombasa na mama wa Uvira wataelewana mengi, lakini kwenye majina ya maradhi wanaweza kupishana.